Mahabusu wa Namikuyu

Asubuhi ya kwanza Lukia alidhani pipa limetoboka.

Lilikuwa pipa la maji ya kupoozea injini, kwenye pembe ya chumba cha mashine ya kusaga, na jana yake jioni alikuwa amelijaza yeye mwenyewe, ndoo kumi na nane kutoka bomba la barabarani. Sasa lilikuwa tupu. Si kwamba maji yalipungua. Lilikuwa kavu kabisa, na kutu ya chini imepasukapasuka kama tope la bwawa lililokauka. Akapapasa sakafu kuzunguka pipa. Sakafu nayo ilikuwa kavu.

"Imedi," akamwita mumewe, "njoo uone pipa lako."

Imedi akaja na mswaki mdomoni. Akaligonga pipa kwa kifundo cha kidole, akainama kutazama chini yake, akacheka. "Ulijaza kweli, au ulikuwa unapiga soga na wenzako kule bombani?"

"Ndoo kumi na nane. Bega hili hapa, liulize."

"Basi kuna mtu kaiba."

"Mwizi gani anachukua maji anaacha dizeli?"

Imedi akatema povu nje, akachukua ndoo mbili, wakaanza kujaza upya, maana wanawake walishaanza kupanga foleni na makapu yao ya mahindi.

Siku mbili kabla ya hapo Imedi alikuwa ametoboa ukuta wa nyuma. Alitaka nafasi ya kuwekea pumba, na alipopima nyumba kwa nje kisha kwa ndani akagundua ndani pamepungua hatua tatu. Akashika sururu. Alipotoa matofali mawili usawa wa kichwa alipitisha mkono hadi begani, halafu akautoa upesi. Alimwambia Lukia kwamba mle kuna upepo, lakini upepo wenyewe unavuta kwenda ndani, kama mtu anavyovuta pumzi. Harufu iliyotoka ilikuwa ya chuma na mkojo wa zamani. Baba yake, Che Bwanali, alipoliona lile tundu kutoka mlangoni alimwita nje akampiga kofi mbele ya wateja, mtu mzima wa miaka thelathini na tatu mwenye mke.

"Lizibe leo hii," mzee alisema. "Leo hii."

Imedi hakuliziba. Kwa hasira ya lile kofi alisokomeza gunia tu kwenye tundu, akaendelea na kazi.

Watoto wa siku hizi wanaijua Namikuyu kama mtaa, kituo kimoja kati ya vituo vingi kwenye barabara ya Mulanje. Lakini ilikuwa mji. Ilikuwa na meya wake, soko lake, king'ora chake cha saa sita mchana, na askari wake sita wenye kofia nyekundu. Mwaka wa hamsini na sita, Ijumaa moja, karani wa mji alisimama kwenye ngazi za ofisi akasoma karatasi, akaikunja, na mji ukaisha. Mipaka ya jiji ilikuwa imesogezwa. Wazee wa pale mpaka leo husema "naenda jijini" wakati jiji limewazunguka pande zote, na wanawake kwenye foleni ya mashine hutaniana kwamba wao hawakuhamia jijini, jiji ndilo lililowahamia. Nyumba ya mashine yenyewe ilikuwa mahabusu ya mji ule. Che Bwanali alikuwa mmoja wa wale askari sita. Alilipata jengo kwa sababu hakuna mwingine aliyelitaka, akajenga nyumba yake nyuma ya ua, na kwa miaka tisa ambayo mwanawe alikuwa akisaga mle ndani, hakuwahi hata siku moja kuvuka kizingiti.

Asubuhi ya pili pipa lilikuwa kavu tena. Ya tatu, vivyo hivyo, na jogoo aliyekuwa amelala juu ya magunia walimkuta mwepesi kama karatasi, macho yamenywea ndani ya kichwa.

"Usiwaambie watu," Imedi alinong'ona. Akamtupa jogoo shimoni.

Siku hiyo foleni ilikuwa ndefu. Injini ilikuwa ikinguruma, unga umetanda hewani, na Abiti Jafali, mama mnene aliyependwa kwa mizaha yake, alikuwa ameegemea ukuta wa nyuma karibu na lile gunia akiwachekesha wenzake. Katikati ya maneno akanyamaza. Akageuza sikio.

"Lukia," alisema, "nani anaita askari humu?"

"Askari gani, mama?"

"Sikiliza. Anaita kwa adabu kabisa. *Bwana askari, maji.*"

Lukia alisogea. Chini ya mngurumo wa injini, kama kitu kinachokwaruza chini ya sufuria, aliisikia na yeye. Ilikuwa sauti ya mtu mwenye ulimi mzito. *Bwana askari. Maji.* Kisha kimya, kisha maneno yale yale, kwa mpigo ule ule.

"Ni mtoto tu anatuchezea upande wa pili," Abiti Jafali alisema, na kabla Lukia hajamshika mkono alilivuta lile gunia, akasogeza uso kwenye tundu achungulie.

Kitu kilimshika kichwa. Lukia hakuona mkono, aliona tu kitambaa cha kichwani kikikunjamana kama kinavyokunjamana kitu kinapokamatwa kwa kucha, kisha uso wa yule mama ukavutwa ukagongwa ukutani, ukarudishwa ukagongwa tena, mara ya tatu, na kila pigo lilikuwa na mlio wa kitu kinachovunjika ndani ya kitu laini, na damu ikaruka ikanyunyiza unga mweupe wa watu kwenye makapu. Wanawake walikanyagana kutoka. Lukia alimshika Abiti Jafali kiunoni akavuta kwa nguvu zake zote, wakaanguka pamoja, na alipomgeuza akaona jambo ambalo lilimtisha kuliko damu: uso haukuwa na damu. Pua ilikuwa imelala upande mmoja, meno ya mbele hayapo, lakini ngozi yote kuanzia paji hadi kidevuni ilikuwa safi, inang'aa kwa unyevu, imelambwa.

Imedi alikuwa upande wa pili wa injini. Alipoona, alichukua sururu akaenda kwenye ukuta akitukana, akisema atabomoa aone ni mwendawazimu gani amejificha mle, na Lukia akawa anapiga kelele azime injini kwanza, azime injini, lakini pipa lilikuwa limeshakauka tena na injini ilikuwa imepata moto kupita kiasi, inatoa moshi, inakimbia kwa kasi ambayo haijapata kukimbia, na mkanda ukaruka kutoka kwenye gurudumu, ukapiga hewa mara moja kama kiboko, ukamzunguka Imedi mkono wa kulia na kumnyanyua, miguu ikaacha sakafu, akazungushwa na kubwagwa juu ya magunia na mkono umevunjika mahali pawili, mfupa umetokeza.

Injini ikazimika yenyewe. Katika ule ukimya Imedi alisimama.

Alisimama kama mtu ambaye hana maumivu yoyote. Alitembea hadi kwenye dumu la dizeli, akaliinua kwa mkono ule uliovunjika, mfupa ukikwaruza ngozi, akanywa. Alikunywa mafunda makubwa, kooni mlio wa gudu gudu, akatapika, akanywa tena. Lukia alipomrukia kumnyang'anya dumu aligeuka akamuuma shingoni, na hakuachia, alikuwa akifyonza. Wanaume wanne waliitwa kutoka gereji ya jirani. Mmoja alivunjwa vidole, mwingine alitupwa kupitia mlango, na ilibidi wampige Imedi kwa hendeli ya kuwashia injini nyuma ya magoti ndipo aanguke. Walimfunga kwa kamba kwenye nguzo ya sebule, nyumbani kwa baba yake, na daktari wa kituo cha afya, aliyekuwa ametoka kumhudumia Abiti Jafali, alipokuja kumfunga mkono alimuuma pia.

Che Bwanali aliletwa amwone mwanawe. Imedi aliinua kichwa. Midomo ilikuwa imepasuka tayari, ulimi umevimba.

"Bwana askari," alisema kwa upole. "Maji."

Mzee alikaa chini pale pale aliposimama.

Lukia, akiwa amejifunga kanga shingoni juu ya jeraha, alimtazama baba mkwe wake kwa muda. "Baba," akasema, "hukushtuka hivyo ulipoona mfupa. Umeshtuka alipokuita."

Kesho yake, saa nne asubuhi, alikuja Abiti Mkwanda. Alikuwa mwanamke mfupi wa miaka sitini na kitu, fundi wa kupunga majini, na watu walitoka hadi ng'ambo ya ziwa kumfuata. Hakuja na ngoma wala wasaidizi. Alivaa ndala na kubeba mfuko wa plastiki wenye ubani na Kurani. Alimsomea Imedi sikioni kwa muda mrefu. Imedi alimtemea damu, akakata kamba mbili, akafungwa upya. Abiti Mkwanda alijipangusa uso, akaenda kwenye nyumba ya mashine peke yake, akaweka kiganja chake ukutani, akarudi.

"Mzee," alimwambia Che Bwanali, "mle ndani alikufa nani?"

"Hakuna."

"Nikiondoka mwanao hafiki kesho alasiri. Alikufa nani?"

Che Bwanali alitazama mikono yake. Alipoanza kusema, alisema kwa sauti ya chini sana, na Lukia ilibidi asogee kumsikia.

"Aliitwa Lapukeni. Kijana, fundi wa kushona. Nilimkamata mimi mwenyewe, Alhamisi jioni, kwa kuendesha baiskeli isiyo na taa. Ilikuwa apelekwe mbele ya hakimu Jumatatu. Ijumaa mji ukaisha."

"Ukaisha vipi?"

"Ukaisha, mama. Karani akapanda treni. Hakimu akahamishwa. Sisi askari tukaambiwa Jumamosi turipoti kwa sajini wa jiji. Nikamwambia sajini, nina mahabusu kule Namikuyu. Akafungua daftari lake, akasema huyo hamo humu, mpeleke kwa waliomkamata. Nikamwambia waliomkamata ndio sisi. Akasema nyinyi hampo tena."

"Na ufunguo?"

"Mfukoni mwangu."

Lukia alihisi jeraha la shingo likimpwita.

"Siku tatu za kwanza nilimpelekea maji," mzee akaendelea. "Sajini akajua. Akaniambia, hilo sasa ni jengo la jiji, ukifungua mlango bila karatasi umevunja nyumba ya serikali, na kofia hii nakuvua. Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilikuwa nimeoa mwezi uliopita. Nikasema nitasubiri karatasi. Karatasi haikuja. Kila nikipita barabarani ananisikia viatu, maana vilikuwa na misumari. Ananiita. Mtaa mzima ulikuwa unamsikia. Watu walianza kupita njia ya juu. Siku kumi na moja baada ya maji ya mwisho akanyamaza. Nikamtoa mwenyewe, nikamzika, nikafunga mlango tena kwa ufunguo, nikaujengea ukuta. Hakuna aliyeniuliza."

"Na baiskeli?" Lukia aliuliza, bila kujua kwa nini anauliza.

"Niliipanda miaka sita," mzee akasema.

Abiti Mkwanda alifunga Kurani yake. "Sikilizeni. Aliyekufa hakurudi. Yuko kwa Mola wake na hesabu yake nanyi iko huko. Hiki ni kitu kingine. Mtu akilia peke yake gizani siku nyingi hivyo, kuna viumbe huja. Huyu alikuja, akakaa naye, na mlipojenga ukuta kwa jina la kumfunga mtu mlimfunga na yeye. Hajui lugha nyingine ila aliyofundishwa na mtu anayekufa kwa kiu. Kiu yenyewe anadhani ndiyo uhai."

"Lakini Imedi ametoboa ukuta," Lukia akasema. "Si angetoka?"

"Ametoboa ukuta. Hakuna aliyemfungulia. Ufunguo upo?"

Mzee aliinuka, akaingia chumbani, akarudi na kopo la tumbaku.

Alasiri walibomoa ukuta wa upande wa uani, Lukia na vijana wawili wa gereji. Nyuma ya matofali ulitokea mlango wa chuma wa rangi ya kijani, rangi bado mbichi, na katikati yake nembo ya mji, mkuyu na nyota, ambayo haijaonekana popote Namikuyu kwa miaka arobaini. Chuma kilikuwa kinatoa joto kama la paji la mtu mwenye homa. Ndani, kitu kilianza kutembea, hatua tatu kwenda, hatua tatu kurudi.

"Utafungua," Abiti Mkwanda alimwambia mzee, "utamwita kwa jina la yule aliyemfundisha kusema, utamwambia yuko huru, aende. Halafu kaa pembeni. Usisimame mlangoni. Usimwombe msamaha, hakijui kitu hicho. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

Ufunguo ulizunguka kwenye kufuli kana kwamba ulitiwa mafuta jana. Mlango ukafunguka kiasi cha upana wa mwili. Harufu iliyotoka iliwafanya wale vijana watapike wakiwa wima. Hatua zilikoma.

"Lapukeni," mzee aliita. "Uko huru. Nenda."

Hakuna kilichotoka. Kisha, kutoka gizani, si ile sauti nzito ya ulimi uliovimba bali sauti ya kijana, safi, ya mtu aliyeamka usingizini, ilisema: "Bwana askari, ni wewe?"

Lukia aliona uso wa baba mkwe wake ukibadilika, aliona akiinama kana kwamba anaokota kitu, na hapo tu ndipo alipotambua kwamba muda wote ule mzee alikuwa amekuja na bakuli la maji, amelificha chini ya kanzu, na Abiti Mkwanda naye akaliona akaruka kumshika, lakini mzee alikuwa ameshavuka kizingiti, amelishika bakuli kwa mikono miwili, anatembea polepole asimwage, anasema nimekuletea, mwanangu, nimekuletea, na mlango ukajifunga nyuma yake kwa kishindo kilichomtupa Abiti Mkwanda kichwa kwanza kwenye rundo la matofali na kuwakimbiza wale vijana wawili hadi barabarani bila kutazama nyuma.

Ufunguo ulibaki kwenye kufuli, upande wa nje.

Ndani palikuwa na mapigo. Kitu kilikuwa kinapigwa kwenye chuma, kinaburutwa, kinapigwa tena, na mzee alikuwa akilia kama mnyama, kisha mapigo yakaisha.

Lukia aliushika ufunguo. Wakati huo huo, kutoka sebuleni, ng'ambo ya ua, alisikia sauti ambayo hakuisikia tangu jana.

"Lukia? Lukia, mbona mmenifunga? Mkono, jamani, mkono wangu."

Ilikuwa sauti ya Imedi. Ya Imedi mwenyewe, yenye kukwama kidogo kwenye jina la Lukia kama ilivyokuwa ikikwama tangu wachumbiane.

Na kutoka nyuma ya chuma: "Lukia, mwanangu. Fungua."

Hakuugeuza ufunguo. Alisimama. Alikuwa mwanamke mwenye akili, na akili yake ilimwambia waziwazi kwamba kile kitu kiko upande mmoja au upande mwingine, hakiwezi kuwa pande zote mbili, na kwamba mumewe ana miaka thelathini na tatu na mzee ana sitini na minne. "Lukia, maji kidogo tu." Alijiambia labda si mzee. Labda ni kile kinamwigiza. "Mke wa mwanangu. Mimi hapa." Jasho la kiganja lililowesha ufunguo. Sauti ikawa ya chini zaidi, na zaidi, ulimi ukawa mzito, na hapo tu, pengine dakika nne tangu mlango ufungwe, pengine tano, Lukia aliona aibu, akageuza ufunguo na kuvuta.

Hakuna kilichomrukia. Upepo ulipita tu usoni mwake, mkavu, ukaenda zake juu ya ua, majani ya mpapai yakatikisika na kutulia.

Mzee alikuwa amekaa ameegemea ukuta wa ndani. Alikuwa amekauka. Ngozi ilikuwa imeshikana na mifupa kama gunia lililolowa likaanikwa juu ya kuni, midomo imerudi nyuma ikaacha meno yote nje, kucha zimekwisha hadi nyama. Bakuli lilikuwa limepasuliwa vipande. Ndevu zake, ambazo Lukia alimnyolea mwenyewe asubuhi ile kabla ya fundi kuja, zilikuwa zimeota urefu wa nusu kidole, ndevu za siku nyingi, na ukuta kando ya kichwa chake, pale ambapo umande hukusanyika alfajiri, ulikuwa umelambwa ukawa laini kama kijiko.

Lukia alitoka kinyumenyume. Abiti Mkwanda alikuwa ameketi juu ya matofali, damu inamshuka sikioni, ameshika kichwa kwa mikono miwili. Aliutazama mlango uliokuwa wazi, akautazama mwili, akamtazama Lukia.

"Kimeondoka," alisema. "Hakirudi tena." Akapumua. "Mzee alikuita?"

"Hapana, mama. Sikusikia kitu."

Yule mama alitafuta ndala zake, akavaa moja, akavaa ya pili. Alifanya hivyo taratibu sana.

"Mimi nilisikia," alisema. "Nilikuwa nimelala pale siwezi kuinua hata kidole. Nilimsikia mpaka alipokwisha."

Sebuleni Imedi aliita tena. Lukia akajifuta mikono kwenye kanga, akaenda kumfungua mumewe.